Chupa za Maji ya Vuguvugu

Daktari alipomuuliza kama ameelewa, Loisi alijibu, "Nimeelewa, mwanangu." Ameelewa nini? Hakuelewa kitu. Lakini mtu aliyesoma mpaka macho yakadai miwani amekaa mbele yako nusu saa nzima, amekuamkia, amekuita mama, amekueleza kwa upole habari za kichwa cha mwanao, halafu umwambie hukuelewa? Huko kijijini Haneti alikotoka Loisi, kumwambia mtu hivyo ni kumwambia hajui kusema. Kwa hiyo unaitikia. Unasema ndiyo, unasema asante, na usiyoyajua unaondoka nayo vilevile.

Mwanawe Sila, fundi wa kupaka rangi, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa ameanguka Jumatatu asubuhi kutoka ghorofa ya tatu ya hosteli moja inayojengwa upande wa Chimwaga. Ubao wa jukwaa ulikatika, akaja nao mpaka chini, kichwa kikatangulia. Siku hiyohiyo alifunguliwa fuvu, damu iliyovilia ikatolewa. Loisi alipofika Jumanne kutoka shambani, na vumbi la alizeti bado liko kwenye kanga, alimkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira mdomoni, mashine inampumulia, kichwa kimefungwa bandeji, hana habari na aliyeingia wala aliyetoka.

Huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Wengine watatu walitangulia wakiwa wachanga, na baba yao akawafuata mwaka juzi. Kwa hiyo asije mtu akasema Loisi aliyapokea mambo kwa papara. Hakuwa na mwingine wa kubaki naye duniani, basi.

Daktari mwenyewe aliitwa Munira, binti wa Kondoa, mwembamba, ushungi umebanwa vizuri, sauti ya chini. Alimweleza hivi:

"Mama, damu tumeitoa. Lakini ubongo wenyewe umeumia, na ubongo ukiumia unavimba. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Sasa tunataka kumpoza mwili mzima, tumshushe mpaka digrii thelathini na tatu, tumweke hapo siku mbili ili ubongo upumzike. Na pamoja na baridi tunampa dawa mbili za mshipani. Moja inamlaza na kumzuia asitetemeke. Ya pili tunatumaini italinda ubongo usiendelee kufa. Baridi peke yake imejaribiwa miaka mingi, mmoja anapona, mwingine haponi. Dawa peke yake hivyohivyo. Sisi tunajaribu vyote viwili kwa pamoja. Huu ni utafiti, siwezi kukuahidi kitu. Baada ya hapo tutampasha polepole sana, robo digrii kwa saa. Akipashwa haraka ubongo unavimba kwa kishindo, na hapo tumempoteza. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Akapewa karatasi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa darasa la pili.

Mashine ya kupozea ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwa mgonjwa mwingine. Kwa Sila walitumia njia ya mkono. Nesi Damas, mwanamume mpole mwenye wagonjwa sita wa kuwaangalia peke yake, alimwonyesha Loisi kazi. Chupa za maji za plastiki, zile za nusu lita, zinagandishwa mpaka ziwe jiwe. Kila moja inaviringishwa kipande cha kitenge ili isiunguze ngozi kwa baridi. Mbili makwapani, mbili mapajani, mbili shingoni, moja kila upande. Kila saa moja zinatolewa, zinaingia nyingine. Usiku manesi wa zamu watafanya wenyewe, lakini mchana mikono haitoshi.

"Hii kazi nakuachia wewe, mama," Damas alisema. "Dawa na mashine niachie mimi. Na ile namba ya kijani pale juu, ndiyo joto lake. Tunaitaka thelathini na tatu."

Chupa zilitoka kwa wifi yake Loisi, Angelina, mdogo wa marehemu mume wake, anayekaa mtaa wa Area D na kuuza barafu na juisi. Friza la Angelina ndilo lililomwokoa daktari, hilo tuliseme. Bajaji ilikwenda na kurudi mara tatu kwa siku, ndoo imefunikwa blanketi, na Jumanne yote Loisi alipanga chupa kama alivyoelekezwa. Namba ya kijani ikashuka. Jioni ikagota thelathini na tatu, Damas akampongeza, "Mama Sila, wewe ungekuwa nesi."

Laiti yangeishia hapo!

Jumatano saa tatu asubuhi Loisi alimshika mwanawe mguu. Mpaka hapo alikuwa ameshika makwapa, mapaja na shingo tu, pale penye kazi. Sasa alishika unyayo, na unyayo ule ulikuwa wa baridi ya kuingia mkononi na kupanda mpaka begani. Kucha zilikuwa zimegeuka rangi ya zambarau. Ngozi ukiibonyeza inabaki imebonyea. Loisi aliwahi kushika mguu wa namna hiyo mara moja tu, siku alipomfunika mumewe.

Alitoka nje hana hali. Angelina alikuwa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, ndoo miguuni, anasubiri.

"Wifi, yule mtoto amekufa," Loisi alisema.

"Weee! Nani kakwambia?"

"Nimemshika. Ni wa baridi kama kaka yako siku ile. Mashine ndiyo inayompandisha kifua, lakini mwenyewe hayupo."

Angelina alimtazama muda mrefu. Angelina si mtu wa kukaa kimya, ukimwona kimya ujue anapika jambo.

"Loisi," akasema, "unakumbuka alivyozaliwa?"

Atasahau vipi? Sila alizaliwa njiti, miezi saba na siku chache, mwezi wa saba, wakati upepo wa Haneti unakata masikio. Zahanati haikuwa na chochote cha kumwekea. Mganga wa zahanati alisema wampeleke nyumbani wakamtunze wawezavyo, na maana yake kila mtu aliijua. Loisi alimfunga kifuani ngozi kwa ngozi, na Angelina, msichana wa miaka kumi na sita wakati ule, alichemsha maji usiku na mchana, akayatia kwenye chupa, akaziviringisha vipande vya kitenge na kuziweka huku na huku. Siku arobaini. Kila chupa ikipoa, inaingia nyingine. Mtoto akashika uhai, akanenepa, akakua, akawa fundi.

"Yule tulimtoa kwa moto," Angelina alisema. "Leo wanamtia kwenye barafu kama samaki, na sisi ndio tunawabebea hiyo barafu! Barafu yangu mwenyewe, Loisi. Jamani, tuna akili kweli?"

"Daktari alisema…"

"Alisema nini? Nieleze na mimi nielewe."

Loisi aliyajua maneno yenyewe, thelathini na tatu, na robo, na utafiti, lakini hakujua yanashikana vipi. Hapo ndipo ule uongo mdogo wa adabu ulipomgeuka. Angekuwa ameuliza hata mara moja, angekuwa na jibu la kumpa wifi yake.

Waliamua bila hata kusema. Angelina alirudi Area D mbio, akaja na chupa mbili kubwa za chai zimejaa maji ya moto. Nyuma ya jengo, penye bomba la kufulia, waliyachanganya mpaka yakawa ya kuvumilika mkononi, vuguvugu la kumwogeshea mtoto. Wakayatia kwenye chupa zilezile za plastiki. Wakaziviringisha vitenge vilevile. Wakazipanga kwenye ndoo ileile. Mtu akizitazama haoni tofauti.

"Mbili tu kwanza," Loisi alisema. "Za mapajani."

Alianza na mbili saa nne. Saa tano alipokwenda kubadilisha, zile kucha zilikuwa zimeanza kurudi rangi yake, na moyo wa mama ukaruka. Akasema moyoni, ona! Akaziweka nne, mbili makwapani kabisa. Saa sita zote sita zilikuwa za vuguvugu. Namba ya kijani ilikuwa inapanda, thelathini na tatu na nusu, thelathini na nne, na Loisi aliisoma kwa furaha, kwa sababu hata yeye alijua kwamba mtu mzima mwenye afya ni thelathini na saba. Mwanawe alikuwa njiani anarudi kwa watu.

Saa saba Damas alipita na faili lake, akaitazama namba, akakunja uso. Kitanda cha pili wameleta mgonjwa wa ajali ya basi, damu mpaka sakafuni, na hakuwa na nafasi ya kusimama.

"Mama, barafu zinayeyuka upesi leo, joto hili," alisema huku anaondoka. "Ongeza chupa."

"Sawa, baba," alijibu Loisi. Akaongeza. Unajua aliongeza zipi.

Saa nane kasoro, akiwa ameinama anamtengenezea shuka, aliona taya la Sila linacheza. Kisha bega. Kisha kifua chote kikaanza kutikisika, kidogokidogo, kama mtu aliyetoka mtoni asubuhi. Loisi aliacha shuka likaanguka. Siku mbili mtoto huyu hakutikisa hata ukope! Alitoka mbio mpaka kwenye benchi, akamshika Angelina mabega yote mawili.

"Anatikisika! Wifi, amerudi! Anatikisika!"

Wakakumbatiana pale nje, wanalia na kucheka, watu wanawatazama, na Angelina akapiga kigelegele kimoja akakikata katikati kwa kumwogopa mlinzi. Hiyo ndiyo furaha waliyopata. Haikufika hata dakika tano, kwa sababu mlio wa mashine ulianza ndani, na haukuwa mlio wa kawaida.

Daktari Munira alikuja anakimbia, koti linapepea. Loisi aliachwa asimame ukutani. Aliona wakimwangaza Sila machoni kwa tochi, jicho moja, la pili, tena la kwanza. Alimsikia Damas akisoma namba kwa sauti inayopanda, joto thelathini na tano na nusu, msukumo ndani ya fuvu ishirini na nane, na asubuhi ulikuwa kumi na nne. Munira akasema ongeza dawa ya usingizi, akasema inua kichwa cha kitanda, akasema mwiteni daktari wa upasuaji. Mtikisiko ulikoma. Kigingi cha furaha kilichokuwa kimejisimika kifuani kwa Loisi kikang'oka.

Baada ya robo saa Munira alimjia na karatasi nyingine. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mama, nakuomba ukae. Hali imebadilika. Joto linapanda wakati barafu ziko palepale na dawa inaingia vizuri. Hilo lina maana mbili tu. Ama dawa yenyewe imemkataa, ama kuna usaha au damu nyingine ndani. Dawa ya utafiti naisimamisha sasa hivi. Na daktari wa upasuaji anataka afungue tena kichwa atazame, maana hatuna muda wa kumpeleka kwenye kipimo na kurudi. Sikufichi, mama, kwa hali aliyonayo anaweza asitoke mezani. Lakini tukikaa hivi, kwa jioni hii hatuna mgonjwa. Nahitaji sahihi yako."

Machela ilikuwa imeshaletwa mlangoni, wanaume wawili wa chumba cha upasuaji wamesimama nayo. Loisi alikuwa ameshika kalamu. Neno moja tu lilikuwa limemkaa kichwani, barafu ziko palepale. Huyu binti anaamini barafu ziko palepale!

Angelina alikuwa amejipenyeza mpaka mlangoni. Aliyasikia yote. Alimwita kwa ishara ya jicho, Loisi akamfuata hatua mbili.

"Nyamaza," alimnong'oneza, midomo inacheza karibu bila sauti. "Tutazirudisha za barafu, hakuna atakayejua. Ukisema watakufunga. Watasema umeua mwanao kwa mkono wako, na mimi nimo. Tia sahihi. Hawa wanajua kazi yao."

Na tusimlaani Angelina. Aliyasema hayo machozi yanamfika kidevuni.

Loisi alirudi mbele ya daktari. Aliwaza polisi, aliwaza watu wa Haneti na midomo yao, mpaka mwisho akamwaza Sila amelala na kichwa wazi, wanatafuta ndani usaha ambao haupo. Akapiga moyo konde. Akaiweka kalamu juu ya karatasi.

"Usimfungue mwanangu," alisema. "Hana usaha. Ni mimi."

"Ni wewe vipi, mama?"

Loisi alikwenda kitandani, akachomoa chupa ya kwapani, akaileta na kumwekea Munira kiganjani. Munira aliifungua kitenge. Maji yalicheza ndani, hayana hata punje ya barafu. Aliishika chupa ile kwa mikono miwili, kisha akaenda kugusa nyingine, na nyingine. Damas alijipiga paji la uso kwa ngumi.

"Subhanallah," Munira alisema taratibu. "Mama. Nilikuuliza kama umeelewa."

"Uliniuliza."

"Ukasema umeelewa."

"Nilisema, mwanangu. Nilisema uongo. Nilikuonea haya."

Loisi alipiga magoti pale sakafuni, anaomba apigwe, aitiwe polisi, afanywe lolote. Munira alimshika mkono akamwinua kwa nguvu ambayo mtu hakuitegemea kutoka mwili ule mwembamba, na macho yake yalikuwa ya hasira, hasira hasa, hakujaribu kuificha.

"Samahani yako sina kazi nayo sasa hivi. Ulianza saa ngapi? Chupa ngapi? Maji ya moto kiasi gani? Yote, moja baada ya jingine, usiruke hata moja."

Loisi alieleza. Saa nne mbili, saa tano nne, saa sita sita, saa saba nane. Munira aliandika. Machela ikarudishwa tupu. Dawa iliyokuwa imesimamishwa ikarudishwa, ile ya kuzuia kutetemeka ikapimwa upya, maji ya baridi yakaanza kuingia mshipani. Halafu daktari akageuka, akamkuta Loisi amejibanza mlangoni kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Unakwenda wapi? Barafu ziko wapi?"

"Mimi tena, mwanangu?"

"Damas ana wagonjwa saba sasa, na mimi nina wodi nyingine mbili. Sina mwingine. Utaniwekea chupa za barafu, za barafu kweli, na safari hii nakuuliza. Umeelewa kwa nini?"

Loisi alimtazama mwanawe, akamtazama daktari. Ulikuwa mlima mkubwa kuliko ule wa kukiri.

"Sijaelewa," alisema. "Nieleze tena."

Munira alivuta stuli. Wagonjwa walikuwa wanamsubiri na alijua, lakini alivuta stuli. Akamwambia, chukua uji wa uwele unachemka, chungu umekifunika na kifuniko umekifunga kwa kamba. Uji unapanda na hauna pa kwenda. Huwezi kufungua kamba. Utafanya nini?

"Nitapunguza moto."

"Basi chupa za barafu ndiyo kupunguza moto. Dawa inauzuia mwili wake usichochee kuni wenyewe kwa kutetemeka. Vyote viwili, mama. Kimoja bila mwenzake hakifai. Na ule mtikisiko mlioushangilia ulikuwa ni mwili unachochea."

Loisi aliweka kiganja mdomoni. Alikaa hivyo mpaka Angelina alipoingia na ndoo ya barafu, macho chini.

Kuanzia hapo alifanya kazi ambayo sijui nani angeiweza. Alimtia mwanawe baridi kwa mikono yake mwenyewe, chupa baada ya chupa, mpaka unyayo ukarudi kuwa ule wa marehemu na kucha zikarudi zambarau, na safari hii anajua anachokifanya na bado kila kiungo chake kinamkatalia. Alilia muda wote huo bila sauti. Namba ya kijani ikarudi thelathini na tatu. Siku mbili zikahesabiwa upya. Ijumaa alasiri walianza kumpasha, robo kwa saa, na Loisi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, akimwita Damas kila namba ilipopanda kidogo tu kupita kiasi.

Sila hakufa. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba, na alilipata. Alifumbua macho Alhamisi ya wiki iliyofuata, akatolewa mpira, akahamishiwa wodi ya kawaida. Alimtambua mama yake, akamwita. Lakini mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala kama si vyake, upande mmoja wa mdomo uliteremka, na kumbukumbu yake haikushika. Mambo ya utotoni anayo yote, ya Jumatatu ile kurudi nyuma anayo, lakini ya jana hayapo. Unamweleza jambo asubuhi, jioni anakuuliza upya.

Loisi alimngoja Munira koridoni.

"Mwanangu, nataka kukuuliza, na usinionee huruma. Ule mkono. Na kule kusahau. Ni kuanguka, au ni mimi?"

Munira alivua miwani, akaifuta kwa pindo la ushungi, akaivaa tena.

"Sijui, mama. Angeweza kuwa hivi hata bila zile chupa, aliumia vibaya mno. Na angeweza kuwa na nafuu kuliko hivi. Hakuna kipimo cha kutuambia. Si leo, si baadaye."

"Kwa hiyo sitajua."

"Hutajua. Na mimi sitajua."

Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Sila anaamka, anautazama mkono wake wa kulia juu ya shuka, anajaribu kuuinua, haujibu, na hofu inamjaa usoni upya kabisa, kama ndiyo kwanza habari inamfikia. "Mama, mkono wangu una nini?" Na kila asubuhi Loisi angeweza kusema, ulianguka, baba, ulianguka kazini. Hakuna ambaye angemlaumu. Angelina alimsihi aseme hivyo. Hata Damas, alipokuja wodini kumjulia hali, alimwambia, "Mama, jionee huruma. Mwambie kuanguka tu, anasahau hata hivyo."

Ndiyo maana Loisi alikataa. Aliona kwamba kumdanganya mtu ambaye kesho hatakumbuka ni wizi mbaya kuliko wizi wote. Kwa hiyo anaweka bakuli la uji chini, anamshika ule mkono uliolala, anamwambia. Ulianguka. Madaktari wakakutia baridi na dawa ili upone. Mimi sikuelewa, nikakuwekea chupa za moto, kichwa kikavimba. Mkono huu huenda ni kuanguka, huenda ni mimi. Kila siku neno kwa neno. Siku nyingine Sila analia. Siku nyingine anacheka na kusema, "Mama na chupa zako." Siku mbili aligeuza uso ukutani, hakula mpaka jioni. Kesho yake yote yamefutika, na Loisi anaanza tena.

Hivyo kwa wiki tano. Kukiri mara moja mbele ya daktari kulimtoa jasho la damu. Huku kwa pili hakukuwa na mwisho, na hakuwahi kukuzoea hata siku moja.

Munira naye alikuwa na desturi yake. Kila alipopita asubuhi alimuuliza Sila swali lilelile, kabla ya mama kusema kitu. "Sila, niambie jambo moja lililotokea jana. Lolote." Na kila siku Sila alitafuta, akahangaika, akatikisa kichwa, na daktari akaandika kitu kifupi na kuondoka.

Kisha ikaja Jumanne moja. Angelina alikuwepo, anamenya chungwa. Munira aliuliza. Sila akakunja paji la uso, akatafuta, na Munira alikuwa ameshaanza kuandika.

"Chupa," Sila alisema.

Kalamu ilisimama.

"Chupa gani, Sila?"

"Mama…" Ulimi ulikuwa mzito, alilitafuta kila neno. "Mama aliweka chupa za moto. Kichwa kikavimba. Mkono huenda… huenda ni yeye."

"Nani kakwambia hivyo leo? Kuna mtu kakwambia leo?"

"Jana," alisema Sila. "Aliniambia jana."

Munira alimgeukia Loisi, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alipaza sauti katika wodi. "Imeshika! Mama Sila, umesikia? Kumbukumbu imeshika! Ya jana ameishika!" Alikuwa anamtikisa bega kwa furaha. Angelina aliangusha chungwa, akapiga kigelegele, na safari hii hakukikata.

Loisi alikuwa amesimama palepale kando ya kitanda. Sila alikuwa anamtazama, wala si kwa hasira wala si kwa huruma, anamtazama tu, kama mtu anayehakikisha.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli, baba," alisema Loisi. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akalichukua bakuli, akakoroga uji, akampa kijiko cha kwanza.